Kabla Hujalipia Kipimo, Jua Unachokiuliza

Ukitaka kujua mtu wa Singida alikunywa maji gani akiwa na miaka mitatu, mtazame meno anapocheka. Yale madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa hayakuletwa na uchafu. Yaliletwa na floraidi ya kwenye maji ya kisima, na yaliingia wakati jino likiwa bado ndani ya ufizi linajengwa. Gamba la nje la meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, hujengeka tangu mtoto anapozaliwa hadi anapokaribia miaka 8. Likishakomaa, floraidi haiwezi tena kulitia madoa ya namna hiyo. Ndiyo maana mtu wa miaka 50 aliyehamia Dar es Salaam zamani bado anabeba kinywani ushahidi wa kisima cha kwao.

Wataalamu wanakiita kitu cha namna hiyo kiashiria cha kibiolojia, yaani jambo linalopimika mwilini, liwe kwenye damu, mkojo, kucha au meno, na linaloonyesha kilichoingia ndani au kilichofanyika baada ya kuingia. Watu wengi mkoani kwetu wanapimwa viashiria vya namna hii bila kuambiwa kinachoulizwa. Mtu analipa, anapewa karatasi yenye tarakimu, anaikunja na kuitia mfukoni. Nyumbani anaendelea kula kama jana.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: kila kipimo kinachohusu chakula kina swali lake na kina muda wake. Kipo kinachosema habari za jana, kipo kinachosema za miezi mitatu, kipo kinachosema za utotoni. Ukipima cha jana huku unataka kujua ya mwaka, hata maabara iwe nzuri namna gani, jibu litakupotosha.

Nimeanza na floraidi kwa sababu ni jambo letu. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Singida yana floraidi nyingi. Mkojo huonyesha floraidi iliyoingia siku hiyo au siku iliyotangulia. Kucha ya mguu unayoikata leo ilianza kuota miezi kadhaa iliyopita, kwa hiyo inasema habari za wakati ule. Meno yanasema ya utotoni, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: yanasema wakati mama hana tena la kufanya. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, kiashiria cha meno kimechelewa kabla hata hakijaanza kuonekana. Kinachofaa kupimwa ni maji.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo vingine havikuwepo, kisha kiwango kikashushwa kifanane na kile cha WHO. Kwa hiyo kisima kilichochimbwa zamani na kutangazwa kuwa salama huenda kilipita kwa kipimo cha zamani. Nenda kwenye chombo cha watumia maji cha kijiji chako, au ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, uulize jambo moja kwa lugha nyepesi: floraidi ya kisima chetu ni miligramu ngapi kwa lita, na ilipimwa lini? Hiyo ni haki yako kabisa.

Kama ni nyingi, usitegemee kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, na kwa vile maji yanapungua sufuriani, inazidi kukolea. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Familia yenye bati na tangi dogo inaweza kuyatenga kwa ajili ya kunywesha na kupikia uji watoto walio chini ya miaka 8, na watu wazima wakaendelea na ya kisima. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na njia hiyo inafanya kazi mradi mkaa ubadilishwe unapochoka.

Kisha kuna magadi. Tunayatia kwenye mlenda ili uvutike, tunayatia kwenye maharage na makande yaive upesi. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa nchi yetu ulionyesha kuwa magadi nayo yanabeba floraidi, kwa kiasi kinachotofautiana sana na mahali yalikochimbwa. Na kwa kuwa asili yake ni chumvichumvi ya sodiamu, yanaongeza pia kile kinachopandisha presha. Pia yanaharibu baadhi ya vitamini kwenye mboga. Kwa chakula cha mtoto mdogo, naomba yaachwe kabisa. Maharage yakilowekwa usiku kucha yataiva bila magadi.

Sasa msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusimuulize tu mtu amekula nini? Tunauliza, na ni lazima tuulize. Ila kumbukumbu ya chakula ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Nchini Marekani, utafiti ulioitwa OPEN, uliohusisha watu 484, ulilinganisha maelezo ya watu juu ya walichokula na viashiria vya mwilini mwao. Wanaume walipunguza katika maelezo yao kiasi cha nishati waliyokula kwa takriban asilimia 12 hadi 14, wanawake kwa asilimia 16 hadi 20, na hapo waliulizwa habari za saa 24 tu zilizopita. Hawakuwa waongo. Mtu husahau alichoonja jikoni, hupunguza kidogo asionekane mlafi, hutaja kile anachoona kinastahili kutajwa. Kwetu kuna ugumu mwingine: tunakula sinia moja. Nani anajua mtoto wa nne, mwenye mkono mdogo na haraka ndogo, alipata matonge mangapi? Na nani atajibu swali la "huwa unakula nini" pasipo kujua kama linahusu mwezi Juni, baada ya mavuno, au Februari, ghala likiwa limekaribia sakafu?

Kipimo kilichotumika kuwashika watu wa OPEN kilitumika pia kwa majirani zetu. Mtu anakunywa maji maalumu ambayo atomi zake za haidrojeni na oksijeni ni nzito kuliko za kawaida, hayana madhara, kisha mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa ili kujua mwili umetumia nishati kiasi gani. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya Wahadzabe wazima 30 waliopimwa hivyo. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako Mkalama, humu humu mkoani. Walikuwa wakitembea na kuchimba mizizi kutwa, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa kwenye viti. Nalitaja hili kwa sababu wapo wafanyakazi wengi mjini Singida wanaokula chipsi kuku jioni wakijiambia kwamba mbio za asubuhi zitafuta yote. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, kwa sukari na kwa akili. Lakini kitambi kinaanzia kwenye sahani.

Tuje kwenye kipimo ambacho wengi wamewahi kupimwa, yaani sukari. Kile cha kutoboa kidole kinasema sukari ya dakika ile. Ukiwa umekunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari saa moja iliyopita, kitaonyesha chai. Ndiyo maana unaambiwa ufike asubuhi bila kula, na ndiyo maana wengine hujinyima siku mbili kabla ya kliniki ili namba ipendeze. Kipimo kiitwacho HbA1c hakidanganywi kwa siku mbili. Sukari inapozunguka kwenye damu hunata kwenye hemoglobini, na kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, kipimo hicho kinajumlisha miezi miwili hadi mitatu, kama daftari la mkopo dukani ambalo halifutwi kwa sababu leo umelipa taslimu. Asilimia 6.5 au zaidi ni kiwango cha kisukari. Kwa sukari ya asubuhi kabla ya kula, kiwango ni milimoli 7 kwa lita, na daktari atarudia kipimo kabla ya kutamka ugonjwa kwa mtu asiye na dalili.

Hata hivyo HbA1c ina mtego ambao kwa Tanzania haupaswi kunyamaziwa. Inategemea umri wa chembe nyekundu. Mwenye selimundu chembe zake hufa mapema, hivyo kipimo kinaweza kuonyesha sukari kuwa ndogo kuliko ilivyo. Mwenye upungufu wa madini chuma kinaweza kumwonyesha sukari kubwa kuliko ilivyo. Aliyeongezewa damu hivi karibuni, na mjamzito, wanahitaji njia nyingine. Ukiwa mmoja wa hawa, mwambie daktari kabla ya kutoa damu, hata kama hakuuliza.

Na hapo tumefika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linaumiza watu wengi zaidi kuliko yote niliyoyataja, yaani damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wanawake wapatao 42 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kwa watoto chini ya miaka 5 ni zaidi ya nusu. Kipimo chake kinapatikana mpaka zahanati: tone la damu, mashine ndogo, jibu papo hapo. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na angalau gramu 12 kwa desilita, mwanaume 13, na kwa mjamzito wengi hutumia 11. Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na miinuko huongeza hemoglobini kidogo kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa hiyo mwenye 12 kamili hapa asijione yuko salama sana.

Lakini hemoglobini inajibu swali moja tu: damu ipo kiasi gani? Haisemi kwa nini imepungua. Inaweza kuwa chakula, malaria, minyoo, kichocho, hedhi nzito, uzazi wa mfululizo, au selimundu. Mama anaambiwa "damu ni kidogo, kale mboga za majani", anakwenda, anakula, anarudi na namba ile ile, anaonekana mzembe. Kumbe minyoo inamnyonya. Swali la kuuliza pale kliniki ni hili: ni kwa sababu gani damu yangu ni kidogo, na tumejuaje?

Kipimo kinachouliza moja kwa moja kuhusu akiba ya madini chuma kinaitwa ferritini, na hupatikana kwenye hospitali kubwa na baadhi ya maabara binafsi. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya maikrogramu 15 kwa lita maana yake akiba imekwisha. Tatizo ni kwamba ferritini hupanda mwili unapopambana na ugonjwa. Mtu mwenye homa ya malaria wiki hii anaweza kuonyesha ferritini 60 huku akiba yake ikiwa tupu, na ndiyo maana WHO imeweka kiwango cha 70 kwa watu wazima wenye maambukizi. Kwa hiyo usipime ferritini ukiwa na homa, na kama ni lazima, muulize daktari kama kipimo cha CRP, kinachoonyesha mwili uko vitani, kinaweza kupimwa pamoja. Usilipie ferritini peke yake halafu ukafurahia.

Nyumbani kuna kazi isiyohitaji maabara. Uwele na mtama vina madini chuma, ila vina pia asidi ya faiti inayoyafunga yasifyonzwe. Kuloweka nafaka, au kuuacha unga wa uji uchachuke usiku kucha, hupunguza kifungo hicho. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na ugali huyafunga tena madini hayo, basi isogezwe mbele saa moja au mbili. Ukwaju, ubuyu, limau na nyanya hufanya kinyume: asidi zake na vitamini C humsaidia mlaji wa mlenda na kunde kufaidi madini yaliyomo. Mlenda wa kukaushwa ukaanikwe kivulini, maana jua kali huua vitamini A yake, na utiwe mafuta ya alizeti au karanga zilizopondwa, kwa sababu vitamini hiyo hufyonzwa pamoja na mafuta. Hatuna sababu ya kula mlenda mkavu usio na tone la mafuta katika mkoa unaokamua alizeti kila kona. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vimezwe vyote, hata vikifanya choo kuwa cheusi. Weusi huo ni wa kawaida.

Chumvi nayo ina kiashiria kizuri: karibu asilimia 90 ya sodiamu unayokula hutoka kwenye mkojo. Mtu akikusanya mkojo wake wote wa saa 24, unaweza kujua alikula chumvi kiasi gani kwa uhakika zaidi kuliko kwa kumuuliza. Moja ya tafiti zilizonigusa zaidi ni ya Wajaluo wa Kenya, iliyochapishwa mwaka 1990. Watafiti waliwafuata watu waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Ndani ya miezi ya mwanzo tu presha za waliohama zilikuwa juu, na mkojo wao ulionyesha uwiano wa sodiamu kwa potasiamu umepanda: chumvi zaidi, mboga na matunda kidogo. Kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha na sahani. Kijana wa Kiomboi au Manyoni anayekwenda kupanga chumba Dodoma au Dar es Salaam anafanya safari hiyo hiyo.

Simshauri mtu wa kawaida akusanye mkojo wa saa 24. Ni kazi ya watafiti na ya daktari wa figo. Chumvi ya siku moja peke yake pia haitoshi, maana hubadilika sana toka siku hadi siku. Pima presha, ambayo ndiyo madhara yenyewe, kisha uhesabu chumvi jikoni: WHO inataka isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha ile iliyoko kwenye viungo vya pakiti, mkate na magadi. Usiiondoe yote, na usinunue chumvi ghafi isiyo na madini joto inayopimwa kwa kopo mnadani kwa sababu ni rahisi. Madini joto, yaani iodini, ndiyo yanayomlinda mtoto tumboni asizaliwe na ubongo dhaifu. Nayo hupimwa kwenye mkojo, lakini kipimo cha mkojo mmoja kinafaa kusema habari za shule nzima au wilaya nzima. Hakisemi kitu cha kuaminika kuhusu mtu mmoja. Akitokea mtu akakuuzia kipimo hicho ili "ujue iodini yako", mwambie abaki nacho.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye chakula, ni habari nzito zaidi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambayo yote inapakana nasi, watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa sababu ya mahindi yenye aflatoksini. Hao walikula nyingi kwa mkupuo. Wengi wetu tunakula kidogo kila siku, na kidogo hicho hakina ladha, hakina harufu, wala hakifi kwa moto wa jikoni. Hapo viashiria vya mwilini vimefanya kazi ambayo maswali yasingeweza. Aflatoksini ikifika kwenye ini hubadilika na kushikamana na albumini, protini ya damu, kwa hiyo damu inatunza habari za wiki nyingi zilizopita. Fumonisini, sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, huonekana kwenye mkojo kwa siku chache. Candida Shirima, Martin Kimanya na wenzao walifuatilia watoto 166 wa Tabora, Iringa na Kilimanjaro kwa mwaka mzima. Kadiri watoto walivyokua na kuacha kunyonya, alama ya aflatoksini kwenye damu ilizidi kupanda, na kufikia mwisho karibu wote walikuwa nayo. Waliokuwa na fumonisini nyingi kwenye mkojo walikuwa wafupi kuliko wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye ulichapishwa utafiti wa watoto wa Haydom, karibu kabisa na mpaka wa Mkalama, nako sumu hizo mbili zikakutwa kwa wengi wao.

Vipimo hivi havipo zahanati, na usivitafute. Kiashiria ulichonacho ni urefu wa mtoto. Uzito husema habari za wiki chache, maana kuhara kwa siku tatu kunaweza kuupunguza. Urefu husema habari za miezi na miaka. Kliniki nyingi hupima uzito na kuandika, urefu hurukwa kwa sababu foleni ni ndefu na ubao wa kulalia uko stoo. Omba apimwe urefu. Omba kwa upole, lakini omba kila baada ya miezi mitatu. Utafiti ule wa kitaifa wa 2022 uliwakuta watoto 30 kati ya 100 wamedumaa, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri kabisa yanayomdanganya bibi yake.

Wakati huo huo zuia sumu isiingie. Anika mahindi na karanga kwenye turubai, usianike kwenye udongo. Hifadhi zikishakauka kweli, ikiwezekana kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Chambua kwa mkono punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, na usizipikie pombe wala usiwape kuku. Jambo la unga wa lishe linaniuma hasa. Mama anachanganya mahindi, karanga, soya, mchele na ulezi akiamini anampa mwanawe vyote, na huku karanga zake ndizo mbovu alizoshindwa kuziuza. Uji wa uwele safi na karanga chache zilizochambuliwa ni bora kuliko mchanganyiko wa nafaka saba usiojulikana ulikotoka. Wafugaji nao waangalie mashudu: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta aflatoksini kwenye baadhi ya mbegu na mashudu ya alizeti kutoka kwa wakamuaji wadogo nchini, na ng'ombe anayelishwa sumu hiyo huipitisha kwenye maziwa.

Ipo pia habari ya kufurahisha, na imetoka hapa nchini. Mwaka 2025, watafiti wa Moshi wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wanaume 77 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliokuwa wakila vyakula vya asili vijijini walibadilishiwa wakala vya mtindo wa Magharibi kwa wiki mbili, na wa mjini wakafanya kinyume. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa. Damu zao zilipimwa kabla, baada, na tena wiki nne baadaye. Kwa waliohamia vyakula vya Magharibi, viashiria vya uvimbe wa ndani kwa ndani vilipanda na chembe zao za kinga zikadhoofika mbele ya vijidudu. Kwa waliorudi kwenye vya asili, viashiria vya uvimbe vilishuka, na baadhi ya mabadiliko yaliendelea kuonekana baada ya wiki nne. Wiki mbili tu! Ni kweli walikuwa wanaume peke yao, na chakula kilikuwa cha Kilimanjaro. Uwele wetu na mlenda wetu havikupimwa. Hata hivyo mimi naona ni sababu ya kutosha ya kumjibu yeyote anayeuita ugali wa uwele chakula cha njaa.

Onyo la haraka kuhusu zile mashine za kushika kijiti mkononi, zinazotembezwa kwenye semina na kwenye meza za stendi, zikitoa baada ya dakika moja karatasi ndefu inayosema huna zinki, ini limechoka, na vitamini D ni asilimia fulani. Hakuna damu iliyotolewa, hakuna mkojo, hakuna kucha. Kwa hiyo hakuna kiashiria kilichopimwa. Mara nyingi anayeshika mashine ndiye anayeuza virutubisho, na bei ya kopo moja ingemnunulia mtoto mayai ya mwezi.

Ukiamua kupima, jiandae. Andika kwenye karatasi swali lako kabla ya kufika: nataka kujua kama chakula changu kimepunguza sukari, au kwa nini nachoka. Mweleze mpimaji dawa unazomeza, za hospitali na za mitishamba, na kama ulikuwa na homa ndani ya wiki mbili. Uliza kama unatakiwa kufunga kula; kwa sukari ya asubuhi ni saa 8 bila chakula, maji yanaruhusiwa. Hakikisha karatasi ya majibu ina kizio, maana sukari ya 7 na sukari ya 126 zinaweza kuwa kitu kile kile, moja ikiwa kwa milimoli na nyingine kwa miligramu. Tunza karatasi zote pamoja na kadi ya kliniki.

Kisha badilisha jambo moja la chakula, ulishike, na urudie kipimo katika maabara ile ile, saa ile ile, baada ya muda unaolingana na kiashiria chenyewe. Presha rudi baada ya wiki nne. Damu ya mjamzito anayemeza vidonge, wiki nne pia. HbA1c usirudie kabla ya miezi mitatu, utakuwa unalipia daftari lisilojaa. Na kumbuka majira: ukipima Julai, mboga zikiwa za kukaushwa, ulinganishe na Julai ijayo, si na Machi wakati mlenda mbichi uko kila uchochoro. Kama namba haijasogea licha ya kushika ushauri kikweli, mpelekee daktari karatasi zote mbili, umwambie ulichobadilisha, na umwombe atafute sababu nje ya sahani.